Pafyumu ya Mama Mkubwa

Katika bweni la wasichana wadogo wa shule ile ya wasioona, hakuna mtu mzima aliyeruhusiwa kubadilisha harufu yake. Jambo hilo halikuandikwa popote, na mkaguzi yeyote angelisikia angecheka, lakini lilishikwa kuliko kanuni zote zilizobandikwa ofisini. Mpishi alinuka vitunguu na moshi, na hakuna aliyemlaumu. Mlinzi alinuka tumbaku. Mkuu wa shule alinukia peremende za mnanaa, alizozimumunya kutwa nzima kwa ajili ya koo lake lililochoshwa na ualimu. Na mlezi wa bweni, mwanamke mnene, mwenye kicheko cha kuamsha waliolala, ambaye watoto wote walimwita Mama Mkubwa, alinukia pafyumu moja tu miaka nenda miaka rudi.

"Mtoto asiyeona," alipenda kusema, "mtu akisimama karibu naye, lazima amjue kabla hajafungua mdomo. Sasa leo unukie waridi, kesho unukie ndimu, yeye afanye nini? Awe anaishi na wageni kila siku?"

Msaidizi wake aliitwa Mama Mdogo, na habari hii ni yake huyo. Alikuwa mwembamba, mkimya, mwenye mwendo mwepesi ambao watoto waliulalamikia kwa sababu hausikiki. Mwendo huo alitoka nao hotelini. Kabla ya kuja shuleni alifanya kazi ya kutandika vitanda na kusugua mabafu katika hoteli moja ambako kila asubuhi msimamizi aliwanusa wafanyakazi mlangoni, mmoja mmoja, na aliyejipulizia chochote alirudishwa nyumbani. Mgeni akiingia chumbani, walifundishwa, asijue kama kuna mtu aliyepita humo. Mama Mdogo aliliweza somo hilo kupita kiasi. Mumewe, alipofungasha vitu vyake kuhamia kwa mwanamke mwingine, alimwambia kwamba kuishi naye hakuna tofauti na kuishi peke yake. Maneno hayo yalimchoma hadi mfupani. Alimlea mwanawe, mwana akakua, akawa dereva wa malori ya masafa marefu, akawa anapiga simu akikumbuka. Hoteli ilipofungwa, Mama Mdogo akapata kazi ya kufua shuka za bweni, na kutoka kwenye beseni Mama Mkubwa akamvuta ndani kuwa msaidizi wake. Harufu aliyopewa na watoto ilikuwa ya sabuni ya mche. "Sabuni hiyo inakuja," walisema, nao walijinyoosha vitandani.

Namna pafyumu ya Mama Mkubwa ilivyochaguliwa, mwenyewe aliisimulia mara nyingi, na kila mara aliitia chumvi mpya. Alipoanza kazi hakuwa mtu wa manukato. Alikwenda mjini, muuzaji akampulizia kwenye kifundo cha mkono kitu kikali cha bei mbaya, akamsifu hadi akajiona bibi harusi. Wengi wetu hununua papo hapo. Huo ndio ujinga wetu mbele ya manukato, tunayahukumu yakitoka chupani tu, yakiwa bado yanajipendekeza. Mama Mkubwa hakununua. Alizunguka na mkono wake huo mjini, akapanga foleni benki, akapanda basi, akapika, akaosha vyombo, akalala nao. Asubuhi akanusa. Kilichobaki kilikuwa kama harufu ya sarafu zilizoshikwa kwa jasho. Akarudi dukani kujaribu nyingine, na kesho yake nyingine, mpaka muuzaji akawa akimwona mlangoni anajitia kupanga vitu nyuma ya pazia.

Mwishowe alibakiwa na mbili za kufikiria, akaja nazo bwenini, kila moja kwenye mkono wake, akawapitishia watoto. Ya kwanza waliikataa bila huruma. Mmoja alisema inanukia mgeni. Mwingine alisema inanukia mtu anayekuja kuwapiga picha na kuondoka. Kwenye mkono wa pili walinyamaza. Ilianza na peasi iliyoiva, yenye ukali kidogo kama maganda ya chungwa yakikamuliwa, kisha yakaja maua, asumini mbele na waridi nyuma yake, na chini kabisa kulikuwa na miski nyepesi, kama shuka lililokaukia juani. Mtoto mmoja aliushika ule mkono kwa muda mrefu kuliko wenzake.

"Hii haina haraka," alisema.

Hiyo ndiyo ikanunuliwa. Mtoto yule siku hizi yuko darasa la mwisho, na tangu siku ile wenzake humwita Hakimu, kwa maana hakuna mtu anayekanyaga shuleni asipitishiwe hukumu ya harufu na yeye. Kuhusu bwana mmoja wa wizarani aliwahi kusema amejimwagia manukato mengi hadi maji ya kuoga yameona wivu. Mama Mkubwa mwenyewe, baada ya muda, pua yake iliizoea pafyumu yake akawa haisikii tena. Watoto ndio waliompimia. "Leo umezidisha," wangemwambia, au "Leo umesahau," naye aligeuka hapo hapo mlangoni, akarudi chumbani kwake akicheka.

Muhula huu, wadogo wapya wakiwa bado hawajajua mlango wa bafu uko wapi, Mama Mkubwa alianza kushika ubavu. Aliwaaga watoto akiwaambia, "Nakwenda kupimwa, narudi." Hakurudi. Mama Mdogo alikuwepo hospitalini siku alipokata roho, na alikuwepo makaburini alipozikwa, kwao, mbali sana na shule. Walipokuwa njiani kurudi, Mkuu wa shule, aliyekaa mbele karibu na dereva, alisema bila kugeuka kwamba wanafunzi wakubwa wataambiwa, lakini wadogo wasiambiwe kitu mpaka shule ifungwe. Waje mama zao wawachukue, waambiwe wakiwa mikononi mwa mama zao.

"Wameng'olewa nyumbani juzi tu," alisema Mkuu. "Niliwahi kumwambia mtoto habari kama hii mimi mwenyewe, hapa hapa shuleni. Hakutamka neno mpaka muhula ukaisha. Sitaki kuyaona tena yale."

Mama Mdogo aliitikia kwa kichwa. Aliona hekima ndani yake, na hata kama asingeiona, hakuwa mtu wa kubishana na wakubwa wa kazi.

Mdogo kuliko wote bwenini alikuwa msichana mmoja aliyepewa jina la Chiriku siku ile ile aliyofika, maana maneno yalimtoka tangu anafumbua macho hadi anayafumba. Aliuliza majina ya watu, majina ya milango, jina la mti uliokuwa ukigonga dirisha. Alipomlilia mama yake, Mama Mkubwa alimpakata, naye alishika mkono wa gauni la Mama Mkubwa akaunusa mpaka kwikwi zikaisha. Sasa kila asubuhi aliuliza, "Mama Mkubwa anakuja leo?" na kila asubuhi Mama Mdogo alijibu, "Bado." Kisha ikawa hataki kuchanwa nywele. Kisha ikawa chai yake inapoa mezani. Na mambo ya watoto yanaambukiza kama upele, mara bweni zima la wadogo likawa linanuna.

Ndipo Mkuu wa shule alipomwita Mama Mdogo ofisini. Juu ya meza, katikati ya madaftari, ilikuwepo chupa yenye umbo la yai, yenye maji ya rangi ya waridi lililopauka. Ilikuwa imetolewa kwenye kabati la marehemu.

"Jipulizie kidogo tu," alisema Mkuu. "Si kwa ubaya, mama. Watoto wakiipata ile harufu mle ndani watatulia. Hutawaambia uongo wowote. Harufu tu."

"Mwalimu, watadhani ni yeye."

"Watadhani yuko karibu. Kuna ubaya gani mtoto akidhani anapendwa?"

Mama Mdogo aliichukua chupa. Alikwenda nayo kwenye chumba cha kupigia pasi, akafunga mlango, akajipulizia kwenye kifundo cha mkono, kwa mara ya kwanza tangu siku ya harusi yake. Kwa kuwa alimsikiliza Mama Mkubwa miaka yote ile, hakuihukumu hapo hapo. Alikunja shuka kwanza. Kisha akanusa. Peasi ilikuwa imetoka na ukali, kama tunda lililochumwa kabla ya wakati wake. Akakunja foronya, akanusa tena. Asumini ilikuwepo, waridi lilikuwepo, kila kitu kilikuwepo isipokuwa upole. Kwenye mwili wa Mama Mkubwa, mwili mnene wenye joto, pafyumu hii ilikaa na kutulia. Kwenye ngozi yake yeye, iliyokaushwa na sabuni na maji ya hotelini, ilisimama tu kama mtu asiyekaribishwa kiti. Alijua kabisa kwamba sivyo. Angepaswa kunawa akamrudishia Mkuu chupa yake. Lakini alijiambia kwamba wale ni watoto, hawatajua, akajipulizia tena shingoni na kwenye kola, akatoka.

Ilikuwa kabla ya kengele ya chai, wadogo wakiwa wanavaa viatu. Hakufika hata kitanda cha pili.

"Mama Mkubwa!" Chiriku alipiga ukelele, kiatu kimoja mguuni. "Mama Mkubwa kaja! Kaja!"

Bweni likalipuka. Walikuja kutoka kila upande, wakigonga kingo za vitanda, wakicheka, wengine wakilia papo hapo kwa furaha. Chiriku alifika wa kwanza, akamkumbatia kiunoni. Mikono yake ikakutana nyuma.

Kwa Mama Mkubwa haikuwahi kukutana. Siku zote iliishia mbavuni, na huo ulikuwa utani wao, kwamba Chiriku ale vizuri mikono irefuke apate kumzunguka. Sasa vidole vilikutana mgongoni, vikashikana, vikaachiana, vikajaribu tena. Wenzake bado walikuwa wakicheka. Kisha waliokuwa karibu naye walinyamaza, na wa nyuma yao wakanyamaza, mpaka ikasikika kengele peke yake huko nje.

"Wewe si Mama Mkubwa," alisema Chiriku.

"Ni mimi, mwanangu. Mama Mdogo."

"Mbona unanukia yeye?"

Mtoto akarudi nyuma hatua moja.

"Umemwibia," alisema, taratibu, kama mtu aliyepata jibu la hesabu ngumu. "Hayupo, umemwibia pafyumu yake."

Mama Mdogo alikwenda bafuni akajisugua kwa sabuni mpaka ngozi ikamwasha. Manukato laini yana ukaidi wake, hayapigi kelele lakini hayaondoki. Kutwa nzima alitembea na ile harufu shingoni, na kila alipopita watoto walikauka. Kesho yake harufu ilikuwa imekwisha, lakini jina lilikuwa limebaki. Wadogo walianza kuficha vitu. Riboni za nywele, kitana, biskuti za kutoka nyumbani, yote yalihamia chini ya magodoro. Mmoja alikwenda bafuni amekumbatia viatu vyake. Ungeweza kucheka, na mpishi alicheka kweli, lakini Mama Mdogo hakucheka. Hotelini alipita katikati ya saa na mikufu ya watu bila hata kuigusa, akijua pete moja tu ikipotea ndiye wa kwanza kupekuliwa. Hakuna aliyewahi kumwita mwizi. Mtu mzima akikuita mwizi unaweza kumwambia twende kwa polisi. Mtoto ambaye bado anavaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto, utagombana naye wapi?

Na Chiriku alinyamaza. Hakuuliza tena kama Mama Mkubwa anakuja. Hakuuliza chochote. Alikula anachowekewa mkononi, akarudi kitandani. Mama Mdogo alipomsikia Mkuu akikohoa barazani alikumbuka yule mtoto mwingine wa zamani, aliyeambiwa ukweli akapoteza sauti. Huyu hakuambiwa, na sauti imepotea vilevile. Wazo hilo lilimkaa rohoni, hakujua alipeleke wapi.

Alasiri moja, alipokuwa akianua nguo, Hakimu alimjia akiifuata kamba ya nguo kwa mkono.

"Mama Mdogo, samahani. Naweza kusema?"

"Sema, mwanangu."

"Ile pafyumu haikukukaa. Mwanzo ilikuwa kali, katikati ikapotea, mwisho ikabaki sabuni."

"Nimesikia, Hakimu."

"Sijamaliza. Hata kama ingekukaa, ingekuwa mbaya zaidi." Msichana aliikunja ncha ya shuka iliyokuwa mikononi mwake, kisha akaikunjua. "Wadogo wanatuuliza sisi. Wananiuliza mimi. Nikiwaambia yuko likizo, wanasogea wananinusa."

"Wanakunusa?"

"Nadhani wanataka kujua kama naogopa. Na mimi naogopa, Mama Mdogo. Halafu wanasema wewe mwizi. Najua siyo. Lakini nikitaka kukutetea lazima niseme kwa nini, na tumekatazwa kusema kwa nini. Basi nakaa kimya, na nikikaa kimya wanaona nimekubali."

Mama Mdogo aliweka kapu chini. Alimpapasa begani, akaenda ofisini akiwa bado na vibanio vya nguo vimebanwa kwenye aproni.

Mkuu alimsikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya, na uso wake ulikuwa umechoka kama wa kila mtu shuleni mwezi ule.

"Waambie alikupa," alisema hatimaye. "Kabla hajaondoka, alikupa umtunzie. Yataisha."

"Hakunipa, Mwalimu."

"Najua hakukupa. Nasema waambie."

"Wakiambiwa alinipa nimtunzie, watamsubiri aje aichukue."

Mkuu alifunga macho kidogo. "Mama, shule inakaribia kufungwa. Vumilia. Nimekuombea nafasi ya mlezi kwa bodi, na bodi haijajibu. Sitaki wasikie kelele kutoka bwenini kwako wakati huu."

Hakulisema kama tisho, lakini Mama Mdogo hakuwa mtoto. Aliondoka pale akiwa ameshakata tamaa ya kubishana, na alipokuwa akivuka uwanja akaanza kuyajaribu yale maneno kimoyomoyo. Alinipa nimtunzie. Alinipa mwenyewe. Si maneno mengi. Yangemsafisha mara moja, watoto wangekuja kuchanwa nywele, riboni zingetoka chini ya magodoro, bodi ingejibu. Nani angeumia? Alijiuliza hivyo mpaka akafika kwenye kabati la Mama Mkubwa, alikokuwa ameirudisha chupa baada ya siku ile, akafungua ili awe nayo mkononi atakapoyasema. Chupa haikuwepo.

Hakuhitaji kumuuliza mtu. Alipofungua mlango wa bweni harufu ilimlaki usoni, peasi na asumini, nzito, nyingi mno, kama wanawake kumi wamejiandaa kwenda harusini kwenye chumba kimoja. Watoto wengine walikuwa nje wakiruka kamba. Chiriku alikuwa peke yake kitandani kwake, amekumbatia mto, na foronya ya mto ilikuwa na doa linalong'aa unyevu. Mama Mdogo alikuja akikanyaga kwa nguvu makusudi, ili asikike, akakaa kwenye kitanda cha jirani.

"Chiriku. Imo kwenye mto?"

Mtoto aliukaza mto kifuani.

"Usichukue," alisema. Ndiyo sauti yake ya kwanza baada ya siku zote zile, na ilikuwa ikikwaruza. "Namtunzia mimi. Wewe utaimaliza."

"Sitachukua."

"Akirudi nitampa mwenyewe mkononi. Nitamwambia imemwagika kidogo tu, kifuniko ndicho kibaya."

Maneno ya Mkuu yalikuwa tayari mdomoni mwa Mama Mdogo. Alikwisha kufungua kinywa. Aliutazama uso ule mdogo uliokuwa umekaza taya kama askari wa lindo, akaelewa kwamba mtoto angemwamini. Angeamini kila neno, angemwomba msamaha, angemkabidhi chupa, halafu angekaa kungoja, kwa moyo mweupe zaidi kuliko sasa. Na siku shule ikifungwa mtu mwingine angemwambia, naye angejua kwamba Mama Mdogo alimdanganya akiwa amekaa karibu naye hivi.

"Sikuiba," alisema. "Lakini pia hakunipa. Nilijipulizia nikidhani itawafariji, na nilikosea. Mama Mkubwa hatarudi, mwanangu. Alikuwa anaumwa sana ubavuni. Alikufa. Tumemzika."

Chiriku hakulia. Alikaa vile vile, mto kifuani, midomo wazi kidogo. Huko nje kamba iliendelea kupiga chini na watoto kuhesabu kwa kuimba. Mama Mdogo alimfikiria yule mtoto wa zamani, akashikwa na hofu ambayo hakuwahi kuihisi hata hospitalini, kwamba ameizima kabisa sauti hii iliyokuwa imerudi punde tu, na kwamba hakuna wa kumlaumu isipokuwa yeye. Aliomba kimya.

"Alipokufa," Chiriku akauliza, "alikuwa amejipulizia?"

"Hapana. Hospitalini hawaruhusu. Na chupa ilikuwa huku."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Alinuka dawa. Wote mle ndani walinuka dawa."

Mtoto aliinamisha kichwa, akifikiri. Alipokiinua, uso wake ulikuwa umebadilika. Ulikuwa umepata mwanga ambao Mama Mdogo hakuutegemea, na alipouelewa alitamani asingeuona.

"Sasa walimjuaje?" alisema Chiriku. Maneno yalianza kumtoka mbio kama zamani. "Kama alinuka dawa, na wote walinuka dawa, walijuaje ni yeye? Labda walikosea. Labda aliyekufa ni mama mwingine, yeye yuko kitanda kingine, anangoja pafyumu yake. Twende tumpelekee, Mama Mdogo. Akijipulizia watamjua."

Mama Mdogo alihama akaketi kwenye kitanda cha mtoto.

"Nilikuwepo mimi," alisema. "Si watu wengine, mimi. Nilimshika mkono tangu mchana, nikawa bado nimeushika alipokufa. Hakuwa na harufu yake yoyote, nami nilimjua. Alikuwa yeye, Chiriku. Hatukukosea."

"Ulimshika wewe?"

"Mimi."

"Kwa mkono upi?"

"Huu. Wa kulia."

Chiriku aliuachia mto ukaanguka sakafuni. Akanyoosha mikono yake, akautafuta mkono ule, akaupata, akaugeuza kiganja juu. Kisha akauleta puani. Aliunusa kiganjani, akanusa kila kidole na katikati ya vidole, akanusa kwenye kifundo, bila haraka, mpaka hakukubaki pa kunusa.

"Haipo," alisema.

"Haipo, mwanangu."

Ndipo mtoto akalia, kwa sauti, akiwa amekishikilia kile kiganja usoni kwa mikono yote miwili.